Nilisaini mwenyewe, sasa wananitaka niape kwamba sikusaini

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu. Nina miaka 41, nashona nguo, naishi Pasua hapa Moshi na mume wangu na watoto wetu watatu. Nyumba yetu tuliianza kwa chumba kimoja mwaka 2008, tukawa tunaongeza kidogo kidogo kila tukipata. Mbele tulitoa fremu, ndimo ninamoshonea. Hati iko kwa jina la mume wangu.

Mwaka 2019 alikopa benki milioni 25 ili aongezee pesa anunue Fuso. Alikuwa anabeba ndizi kutoka huku kwetu anapeleka Mabibo, Dar es Salaam. Benki wakasema mke lazima aridhie. Nilienda nikiwa na haraka, nimeacha nguo za watu za kipaimara mezani. Tuliingizwa chumba kidogo, kulikuwa na wakili. Akabandika picha yangu kwenye fomu, akawa ananionyesha kwa kalamu, "Hapa mama, na hapa." Nikasaini, nikaweka na dole gumba. Sikusoma. Fomu ilikuwa ya Kiingereza na mume wangu amekaa pembeni yangu, ningemwomba nani anisomee?

Marejesho yalienda vizuri. Mwaka 2022 akaongezewa mkopo wa milioni 40 akanunua gari la pili. Kipindi hicho nakumbuka nilikuwa Rombo namuuguza mama. Mwaka jana Fuso la kwanza likapinduka maeneo ya Mombo likiwa na mzigo. Dereva alipona, namshukuru Mungu, lakini bima yetu ilikuwa ile ndogo, gari likabaki chuma chakavu. La pili likauzwa kulipa madeni mengine.

Mimi nilijua tumechelewa marejesho ya miezi miwili mitatu. Kumbe tangu Februari hatujapeleka kitu. Mwanzoni mwa Novemba hii alikuja dalali na kijana mmoja, wakapiga picha nyumba kuanzia geti mpaka choo cha nje. Nikamuuliza kuna nini, akanijibu kwa upole tu, "Mama, tangazo bado, lakini jiandaeni." Usiku ule mume wangu akatoa barua kwenye mfuko wa jaketi lake la zamani. Notisi ya siku 60, ameipokea tarehe 14 Oktoba. Deni pamoja na riba limefika milioni 52.

Sasa Shangazi, hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Mume wangu amepata mtu mjini ambaye wanasema anazijua kesi za mabenki. Huyo mtu anasema njia ni moja tu. Mimi nifungue kesi, nimshitaki mume wangu, benki na dalali, niape kwamba sijawahi kuridhia nyumba iwekwe rehani na saini ile si yangu. Mahakama itatoa zuio nyumba isiuzwe, kesi itakaa miaka, benki itachoka yenyewe. Anataka milioni moja na nusu ya kuanzia. Mume wangu anasema tukifanya hivyo tumewaokoa watoto. Shemeji yangu anasema kila mtu anafanya. Mama mkwe yuko kihambani, shamba la ukoo huko Uru, hajui chochote, na mume wangu hataki aambiwe.

Kila nikikaa kwenye cherehani nauona mkono wangu ukisaini ile fomu. Naimba kwaya usharikani, nitaapaje? Na nisipoapa, watoto watalala wapi? Kuna dada wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, yuko tayari kunipa milioni tatu tukatulize benki. Shangazi, nikikataa kuapa nitakuwa nimemsaliti mume wangu? Na kwa kuwa nilisaini, ndiyo basi, hatuna haki yoyote?

Mama wa cherehani, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, tena pole kwa jinsi ulivyolijua hili, kwa kuona mtu mgeni anapiga picha choo cha nyumba uliyoijenga kwa nguo za watu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mambo ya sheria nimemuuliza wakili ninayemwamini, bila kumtajia jina wala mtaa, kwa sababu mimi mwenyewe si wakili.

Umeniuliza kama uape. Ndani ya swali hilo kuna lingine, kama saini yako imemaliza kila kitu. Nahisi umeyaunganisha kwa sababu huyo mtu wa mjini ameyaunganisha: ama useme uongo, ama nyumba iende. Kwanza tuyatenganishe.

Tuanze na kiapo. Unaombwa useme saini si yako. Sawa, hakimu atauliza, kama si yako ni ya nani? Jiulize nani alikuwepo siku ile, nani alikuwa na hati, nani alipokea pesa. Kidole kitaelekea kwa mume wako. Kughushi saini ni kosa la jinai, kwa hiyo kiapo kinachosemekana ni cha kumwokoa kitakuwa kinamtaja yeye kama mghushi. Sijui kama mlilikalia hili mkalitazama. Halafu benki wataleta fomu. Ina picha yako, ina dole gumba lako, na wakili aliyeshuhudia anaweza kuitwa. Saini watu wanaweza kubishana, dole gumba halina pacha. Na uongo wa chini ya kiapo, kwa Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Sikutishi, ila nataka uone ni nani anayebebeshwa mzigo huu. Huyo mtu atachukua milioni na nusu yake, na jina kwenye hati ya kiapo litakuwa lako.

Shemeji anasema kila mtu anafanya. Ni kweli kesi za mke kudai hakuridhia ni nyingi sana katika mahakama zetu, na nyingine ni za kweli kabisa. Haki yenyewe ni nzito. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, nayo inataka ridhaa ya mwenza ionekane. Vifungu hivyo viliwekwa kwa ajili ya mwanamke aliyeamka asubuhi akakuta nyumba imewekwa rehani na mume bila yeye kujua. Mwaka 2008 sheria ikarekebishwa. Benki inatakiwa ichukue hatua za kujua kama mkopaji ana mwenza, na mkopaji akitoa maelezo ya uongo kuhusu jambo hilo anatenda kosa. Mahakimu wanazijua hizi hadithi, mwanangu. Wameshazisikia za kweli na za kutunga.

Sasa soma tena barua yako, aya ya tatu. Umesema nilisaini, nilisaini, mpaka umejichoka. Lakini ulichokieleza ni mikopo miwili. Wa 2019 ulikuwepo, ukasaini. Wa 2022 ulikuwa Rombo na mama yako mgonjwa. Ule wa pili uliridhia wapi?

Sisemi kwamba hapo kuna ushindi. Huenda ile fomu ya 2019 imeandikwa kwa maneno yanayobeba na nyongeza za baadaye. Huenda kuna fomu ya pili yenye saini isiyo yako, na hapo tunarudi kwenye lile swali gumu la nani aliiweka, swali ambalo mume wako lazima alijibu nyumbani kabla hajaulizwa kwingine. Au benki haikukutafuta kabisa. Majibu haya hayafanani, na kila moja lina njia yake. Ila sentensi hii, "Mkopo wa kwanza niliridhia, wa pili sikuitwa," kama ndiyo ukweli, unaweza kuisema popote bila kutetemeka, hata mbele ya wanakwaya wenzako. Nendeni benki wewe na mume wako mkaombe nakala za fomu zote mbili na taarifa ya mkopo tangu 2019, ionyeshe kila rejesho, riba na adhabu. Kuna watu wamekuta marejesho yao hayakuingizwa sawasawa. Kuna wengine wamekuta deni liko kama linavyosemwa. Kwa vyovyote mtakuwa mnazungumza juu ya karatasi, siyo juu ya hofu.

Kuna jingine unaloliamini ambalo ningependa ulifikirie upya, kwamba benki itachoka. Mahakama haitoi zuio kwa sababu mtu ana watoto, ingawa sote tungependa iwe hivyo. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969 mambo yanayotazamwa ni matatu. Je, kuna hoja ya kweli ya kusikilizwa? Je, bila zuio utapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa? Na je, nani ataumia zaidi, wewe zuio likikataliwa au benki likitolewa? Wengi wanakwama kwenye hilo la pili, kwa sababu aliyeiweka nyumba rehani anaambiwa kwamba yeye mwenyewe alishakubali igeuke pesa. Zuio likipatikana huwa la miezi isiyozidi sita, na likiongezwa jumla yake haipiti mwaka mmoja. Wakati wote huo riba inaweza kuendelea kupanda. Milioni 52 ya leo haitakuwa 52 siku ya hukumu, na anayeshindwa kwa kawaida hubebeshwa na gharama za mwenzake. Benki ina mawakili wa mshahara. Nani atachoka kwanza?

Pamoja na hayo usidhani mahakama haina maana kwenu. Inaweza kuitazama benki kama imefuata hatua. Notisi ya siku 60 ni ya kisheria, na siku zinahesabiwa tangu mume wako alipoipokea. Kutoka 14 Oktoba zinaisha 13 Desemba. Mnada wa ardhi unatakiwa utangazwe hadharani siku zisizopungua 14, kwa maandishi na kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa, ndiyo maana mnasikia magari ya matangazo mitaani. Kama watasubiri siku 60 ziishe ndipo watangaze, nyundo haiwezi kugonga kabla ya siku za mwisho za Desemba. Wakili ahakikishe hizo tarehe, lakini unaona kwamba si kesho. Kuna pumzi hapo.

Bei nayo ina sheria yake. Benki inapouza ina wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana kwa wakati huo. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba kama hiyo sokoni, sheria inaanza kwa kudhani wajibu huo umevunjwa, na mwenye mali anaweza kuomba mauzo yabatilishwe. Benki nayo inaruhusiwa kujitetea. Hukuniambia nyumba yenu ina thamani gani. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba za namna hiyo hapo Pasua zinakwenda milioni 120. Ikiuzwa 90 kushuka chini, mna la kuuliza.

Lakini sikia, haya yote yana nguvu kabla ya mnada kuliko baada. Nyundo ikishagonga, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa sana na sheria, na mara nyingi kinachobaki kwa mwenye nyumba ni kudai fidia kwa benki huku mtu mwingine ameshabadilisha kufuli. Haki ya kulipa deni na kuichukua hati yenu mnayo mpaka hapo mali inapouzwa. Baadaye inakwisha.

Ndiyo maana nakuuliza jambo ambalo labda hutalipenda. Je, kuokoa nyumba na kuokoa watoto ni kitu kimoja? Katika mfano wetu wa milioni 120, mkiuza wenyewe kwa utulivu, mkalipa 52 na gharama, mnabaki na pesa ya kununua kiwanja na kuanza chumba kimoja kama mlivyoanza 2008. Hata kwenye mnada kinachozidi deni na gharama ni chenu, benki hairuhusiwi kukila, ila mnadani kinachozidi huwa kidogo. Kuuza wenyewe kunahitaji benki iridhie kwa maandishi, mnunuzi aweke pesa kwenye akaunti ya mkopo, ndipo hati itoke. Hatari yake ni kwamba watu wakinusa mnada wanashusha bei, na Moshi habari haikai. Ungepoteza fremu pia, na wateja wako wamezoea kuja hapo. Silichukulii hilo kirahisi. Cherehani inahama, wateja wengine hawahami.

Kuna pia kuomba mkopo upangwe upya, muda uongezwe, rejesho lipungue. Benki husikiliza zaidi mtu aliyekuja na kitu mkononi, hata kama ni kidogo, na maelezo ya kitakachoingia kila mwezi. Hapo itabidi mwulizane kwa ukweli, bila Fuso, kitaingia nini? Kama jibu ni kushona kwako peke yake, mkopo mpya unaweza kuwa shimo lile lile limechimbwa mbele kidogo. Mkiona benki inawazungusha, mkalalamika kwao kwa maandishi na msijibiwe, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na ina tawi Arusha.

Hiyo milioni tatu ya kausha damu, mwanangu, naomba uilinganishe na 52. Inatuliza nini? Na wale wakija kudai hawaleti notisi ya siku 60. Wanabeba cherehani.

Kuhusu huyo mtu wa mjini, kabla ya kumpa hata shilingi, ingieni kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, andikeni jina lake muone kama ni wakili na leseni yake iko hai. Vishoka, mawakili wa kujifanya, ni wengi kwenye korido za mahakama. Kama ni wakili kweli, jiulizeni kwa nini anataka useme kitu ambacho wewe mwenyewe unajua si kweli. Pale Moshi kuna shirika la KWIECO, limesaidia wanawake kisheria kwa miaka mingi. Nenda na karatasi zako zote na ile habari ya Rombo, usifiche kitu.

Sasa mume wako. Umeniuliza kama utakuwa umemsaliti. Mimi naona mwanamume aliyelala na notisi kwenye jaketi karibu mwezi mzima, akiamka anaulizwa ada za shule. Alikosea kuificha, na wewe una haki ya kukasirika, usijinyime. Lakini huenda anakusukuma kwenye kiapo kwa sababu hicho ndicho kitu pekee mtu amemwambia kwamba kinaweza kusaidia. Je, akikusikia unasema, "Kuapa uongo siwezi, lakini kwenda benki na wewe naweza, kwa wakili naweza, kwa mama Uru naweza," atasikia kukataliwa? Au atasikia kwamba hayuko peke yake? Wewe ndiye unayemjua, mimi simjui.

Na huyo mama mkwe. Siku za mwisho za Desemba ndizo siku ambazo wa Dar, wa Arusha na wa Mwanza wote wanapanda kihambani. Watakuta aidha familia imeshaambiwa mapema na mezani kuna hesabu, aidha gari la matangazo linapita Pasua wiki ile ile ya Krismasi. Kumwambia mama kuna hatari zake, mtu anaweza kuanza kuzungumzia kuuza kipande cha kihamba, na hapo mtafungua mambo ya makaburi na ya ndugu ambayo hayafungiki. Pengine muanze na ndugu mmoja mtulivu. Nani kati yao huwa anasikiliza kabla ya kusema?

Sikuchagulii. Nyumba ni yenu, na mkono ni wako. Niandikie mkishapata hizo fomu, hasa ya 2022, nataka kujua ina picha ya nani.

Na ile notisi isirudi tena kwenye jaketi. Iwekeni juu ya meza ya cherehani, mahali mtakapokuwa mnaiona nyote wawili.